Kicheko Ndani ya Droo

Bwana Bima alipotoka ofisini kwake asubuhi ile akipiga yowe, korido nzima ilidhani amefiwa. Kumbe ni simu. Simu yake ilikuwa imekaa kimya tangu alipoamka: haiongei, haiimbi, na kwenye video watu walikuwa wanatafuna hewa tu. Na mtu anayeuza bima kwa mdomo, ukimnyamazishia simu umemfungia duka.

"Daktari, niokoe," alisema, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Daktari hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa fundi simu mwenye meza moja chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mahali ambapo zamani palikuwa pa kuweka mifagio. Jina alijipa mwenyewe, kisha akanunua koti jeupe la kulithibitisha. Aliitazama ile simu na papo hapo akaona, juu kabisa ya kioo, alama ndogo ya hedfoni. Hakukuwa na hedfoni yoyote iliyochomekwa, ila simu yenyewe iliamini imechomekwa, ikawa inapeleka sauti yote huko. Akachungulia tundu. Ndani mlikuwa na nyuzi na vumbi la mfukoni, limeshindiliwa kama sufi kwenye mto. Kazi ya kijiti cha meno, nusu dakika.

Lakini Daktari alikunja uso.

"Imeanza lini?"

"Leo asubuhi."

"Kulikuwa na mtu anapiga kelele karibu nayo?"

"Mke wangu," alikiri Bwana Bima kwa unyonge.

"Aah." Daktari akaandika kitu kwenye daftari.

Kisha akajifunika gazeti pamoja na simu ya watu. Nusu dakika akatumia kijiti, dakika ishirini akazitumia kupumua kwa nguvu. Aliposhusha gazeti, simu iliimba. Bwana Bima alilipa bila kuuliza bei mara mbili, akashukuru mara tatu, akaondoka akiongea kwa sauti na mtu ambaye hakuwa hata na haja ya kumpigia.

Daktari alibaki ameduwaa. Miaka sita alikuwa anabadilisha vioo, na wateja wanamlilia wapunguziwe. Mtu anaweza kutembea na kioo kilichopasuka mpaka mtoto wake akamaliza shule. Ila ukimya! Ukimya hawezi kuuvumilia hadi saa ya chakula. Shida ni moja: mifuko yenye uchafu wa kutosha ni michache. Kwa mwezi angepata wagonjwa wawili, watatu. Ugonjwa mzuri namna hii, alijiambia kwa huzuni, na hauambukizi.

Ndipo macho yake yakaangukia boksi la spika ndogo za blututhi. Zilikuwa sita, kila moja kama chungwa, na zilikuwa hazijanunuliwa tangu azilete kwa sababu sauti zake zilifanana na nzi aliyefungiwa ndani ya kikombe.

Kesho yake palibandikwa karatasi mezani: CHAJI SIMU YAKO BURE.

Jengo zima lilimsifu. Watu walisema siku hizi ni nadra kupata mtu mwenye utu. Waliacha simu zao, wakamtajia na namba za siri, "ikipigwa nipokelee tu, Daktari." Naye, kila simu aliyoichaji, aliiunganisha na spika moja kati ya zile sita zilizolala kwenye droo yake, halafu akairudisha na tabasamu. Spika zote alizibadilisha majina. Mtu akibahatika kufungua mipangilio ya simu yake angekuta imeungana na kitu kinachoitwa USIZIME. Na nani mwenye akili zake timamu atazima kitu kilichoandikwa hivyo?

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Akiwasha spika, simu ya mtu iliyo karibu inahamisha sauti yake yote kwenye droo, isipokuwa mlio wa kuita. Mwenye simu anaona video inacheza, kimya. Anapigiwa, mlio unaita, akipokea hasikii neno wala hasikiki. Anakimbia chini ya ngazi. Daktari anakunja uso, anajifunika gazeti, anaizima spika kwa goti, kwa kitufe alichokifunga chini ya droo, na sauti inarudi. Kesho yake au wiki inayofuata ugonjwa unamrudia mtu yuleyule.

"Mbona nyumbani kwangu inaongea vizuri?" aliuliza siku moja kinyozi wa ghorofa ya pili.

"Jengo hili lina chuma kingi," alisema Daktari. "Kinavuta sauti."

Kinyozi akaenda kuwaeleza wateja wake, na kufikia jioni lilikuwa jambo la kisayansi.

Droo nayo ilikuwa na burudani yake. Daktari aliziweka spika kwenye sauti ya chini kabisa, ili asikie yeye peke yake, na kwa ajili hiyo alikuwa anainama mara kwa mara kana kwamba anafunga kamba za viatu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, ingawa alivaa ndala. Kwa njia hiyo alijua nani anaumwa meno na nani anamdanganya mkewe kwamba yuko kwenye foleni.

Mkabala na meza yake palikuwa na duka la kushona la Mama Pindo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona pindo alilolikunja yeye likafumuka. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye futi shingoni na pini mdomoni, naye pia alikuwa amechaji bure kwa Daktari, na wiki hiyo alikuwa anasubiri simu moja. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na oda ya sare za wanafunzi mia na ishirini. Mama Pindo alishapeleka sketi na shati za mfano. Oda ile ingelipa ada ya binti yake chuoni na kubakiza cherehani mpya.

Simu ililia Jumatano, saa tano asubuhi. Mama Pindo alitema pini, akapokea.

"Haloo? Haloo, Mwalimu? Haloo!"

Ndani ya droo, Daktari alimsikia mwalimu mkuu vizuri kabisa. "Mama, unanisikia? Nimeipenda kazi yako. Lakini kamati imekaa hapa, inataka jibu sasa hivi. Mama? ... Mbona hujibu?"

Goti la Daktari lilikuwa karibu na kile kitufe. Angekigusa tu. Ukweli usemwe, lilisogea kidogo. Lakini akifungua sauti wakati huo, mama atapona bila kutibiwa, na Jumatano ilikuwa siku mbaya, hajapata hata mteja mmoja. Akaliacha goti lilipo.

"Basi," ilisema droo, "tunampa mwingine."

Mama Pindo alivuka korido mbio na futi likimpeperuka shingoni. Alilipa. Simu ikapona. Alipompigia mwalimu mkuu, alijibiwa kwa upole kwamba pole sana mama, kamati imeshatia saini na mtu mwingine. Akarudi dukani, akakaa mbele ya cherehani, akawa anakanyaga pedali bila kitambaa chochote chini ya sindano. Mashine ilishona hewa kwa muda mrefu. Daktari alisikia ile sauti ya mashine, akawasha redio.

Sasa, Mama Pindo alikuwa na mdogo wake, msimamizi wa kitengo cha kupokea simu katika kampuni ya maji, upande wa pili wa mji. Huyu alikuwa na kicheko. Kicheko chake kiliwahi kusimamisha ibada. Alhamisi, akijua dada yake ana huzuni, alimtumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu mteja aliyepiga simu kulalamika kwamba bili ya maji imekuja ikiwa imelowa.

Mama Pindo alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akanyanyuka akiwa na simu mkononi, ujumbe unaendelea kukimbia, akavuka korido kwenda kwa Daktari. Daktari hakuwepo; alikuwa amekwenda msalani. Na pale, mbele ya meza tupu, Mama Pindo alimsikia mdogo wake akicheka ndani ya droo.

Alirudi nyuma hatua moja. Akasoma dua fupi. Kisha akasimamisha ujumbe kwa kidole. Droo ikanyamaza. Akaruhusu. Droo ikacheka. Akasimamisha, ikanyamaza.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama Pindo alirudi dukani, akafunga mlango nusu, akamwandikia mdogo wake meseji, maana maandishi hayana sauti ya kuibiwa.

"Simu yangu inaongelea kwenye droo ya fundi."

Jibu lilikuja haraka, kwani mdogo mtu alikuwa anashinda na hedfoni kichwani mwaka mzima na alizijua tabia zake zote. "Fungua mipangilio. Angalia blututhi. Umeungana na nini?"

"USIZIME."

"ZIMA, DADA!"

Mama Pindo aliinua kidole, kisha akakishusha. Akaandika, "Siku ya Jumatano, mwalimu mkuu alipopiga, maneno yake yalikwenda kule?"

Mdogo wake akajibu. "Ndiyo, dada. Na kama alikuwa amekaa pale, alisikia yote."

Mama Pindo alisoma maneno hayo mara mbili. Halafu akachukua pini moja mezani, akaichoma polepole kwenye kifuko cha pini, mpaka kichwani.

"Basi tusizime," aliandika. "Kama anapenda kusikiliza, tumpe cha kusikiliza. Kule kazini mna takataka gani?"

Bwana Bima aliingizwa kwenye siri mchana ule. Alipoonyeshwa kwamba hata simu yake imeungana na USIZIME, alivua koti, akataka kwenda kuipasua ile meza.

"Ukiipasua meza yake utapata mbao," alisema Mama Pindo. "Wewe unataka mbao?"

Bwana Bima alifikiri. "Nataka pesa zangu."

"Basi vaa koti, kaka yangu."

Jumatatu asubuhi, magunia manne makubwa yalishushwa dukani kwa Mama Pindo. Yalijaa hedfoni za ofisini: zilizokatika nyaya, zilizong'oka sponji, zinazosikika sikio moja, zisizosikika kabisa. Dakika chache baadaye Mama Pindo alifungua ujumbe mpya wa sauti kutoka kwa mdogo wake, akaweka simu juu ya cherehani, akaendelea kukunja pindo. Simu ilikuwa kimya.

Chini ya ngazi, Daktari aliinama kufunga kamba za ndala.

"Dada," ilinong'ona droo, "nimekuletea yale magunia. Usimwambie mtu hata mmoja. Kuna watu wanapokea hedfoni mbovu kwa kilo. Zile ncha zake zina dhahabu ndani, hapa ofisini hakuna anayejua. Wanapokea Ijumaa tu, saa nne, ghala la bati nyuma ya kituo cha zimamoto. Getini usiulize maswali, sema umeleta zile za kampuni ya maji. Ukishasikia ujumbe huu, ufute."

Daktari alikaa ameinama mpaka damu ikamjaa kichwani. Dhahabu! Alikuwa ameshaona mwenyewe ncha za hedfoni zinavyong'aa njano. Miaka sita anazitupa! Na tazama neema nyingine: huyu mama hajasikia neno hata moja.

Alipoinuka, Mama Pindo alikuwa amesimama mbele yake.

"Imenyamaza tena, Daktari. Na mdogo wangu ametuma ujumbe sijui anasema nini. Ameniletea takataka dukani, sijui za nini, hata pa kukanyaga sina."

"Lete, mama, lete." Gazeti lilipanda. Nyuma ya gazeti, Daktari aliutafuta ule ujumbe akaufuta, kisha akaizima spika kwa goti. "Tayari. Na leo hulipi."

"Mbona ujumbe wa mdogo wangu siuoni?"

"Virusi wameula."

"Wameula huo peke yake? Mingine yote ipo."

"Walikuwa wameanza tu," alisema Daktari. "Tumewahi. Sasa mama, hizo takataka zinakubana. Mimi ni jirani yako. Nitakutolea bure."

"Utazipeleka wapi?"

"Nazihitaji za kujifunzia."

"Magunia manne?"

"Nina kichwa kigumu."

Mama Pindo alionyesha kuguswa. Ila, alisema, tatizo ni Bwana Bima. Amepita hapa asubuhi, ameyaona, anataka kuyanunua.

Daktari alivuka naye korido hadi dukani, akayasimamia magunia. "Kununua? Ya kazi gani?"

"Anasema mkewe anatengeneza mapambo."

Na kabla hajamaliza, Bwana Bima mwenyewe aliingia dukani, koti limefungwa vifungo vyote, akataja pesa sawa na kodi ya meza ile ya chini ya ngazi kwa mwezi mzima. Alitaja kwa sauti ya mtu anayejaribu kuonekana hana haraka, na katika maisha yake ya kuuza bima hakuwahi kuifanya vizuri zaidi.

"Miezi miwili," alisema Daktari.

"Daktari, wewe una mapambo gani?"

"Napenda elimu. Miezi miwili!"

"Mitatu," alisema Bwana Bima. "Na nusu."

"Jamani, jamani," alisema Mama Pindo, "mtagombana kwa ajili ya nyaya mbovu? Ngojeni nimpigie mdogo wangu, yeye ndiye anajua zina thamani gani."

"Usimpigie!" alisema Daktari kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Akaishusha. "Usimsumbue kazini. Mama, miezi minane. Taslimu. Leo."

Bwana Bima akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kiungwana, akatoka. Ilibidi akae ofisini kwake amefunga mlango, anauma kola ya shati.

Miezi minane haikuwa kitu kidogo. Daktari alimwaga kopo lake la akiba, akaenda ghorofa ya pili akamuuzia kinyozi feni yake, akarudi, akampa Mama Pindo zote. Mikono yake ilikuwa inatoka jasho. Mama Pindo aliiona, akasita. Kwa kitambo kifupi alimhurumia. Aliona tu mtu wa umri wake, mwenye koti lililochakaa kwenye viwiko, anayeshinda chini ya ngazi.

"Daktari," alisema, "wiki iliyopita, Jumatano. Simu yangu ilipolia. Wewe ulisikia chochote?"

Huo ulikuwa mlango wa kukiri, na Mama Pindo aliufungua wazi kabisa.

"Mimi? Kutoka huku?" Daktari alicheka. "Ningesikiaje, mama?"

Mama Pindo akazikunja zile noti, akazifungia kwenye pindo la kanga.

Ijumaa saa tatu Daktari alipakia magunia kwenye gari ya mizigo ya kukodi, akaondoka na koti lake jeupe limepigwa pasi. Mama Pindo alisubiri mpaka gari ilipokata kona, akaizima USIZIME mwenyewe, akapiga simu shuleni. Hakuomba arudishiwe oda. Alieleza tu, kwa ufupi, kwa nini siku ile hakujibu. Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema yule mshonaji mwingine amelemewa. Je, masweta hamsini angeyaweza? Mama Pindo alisema angeyaweza. Alimsikia vizuri sana, kila neno. Mchana alipita mlango kwa mlango na bahasha, akimrudishia kila mpangaji alichokuwa amelipa kutibiwa simu, na kilichobaki akakitia kwenye ada ya binti yake.

Daktari naye alifika kwenye ghala la bati. Getini hakuuliza maswali. "Nimeleta zile za kampuni ya maji," alisema, na kweli lango likafunguliwa papo hapo. Dereva alishusha magunia, akachukua ujira wake, akaenda zake. Ndani, karani mmoja mwanamke mwenye glavu ndefu aliyapima moja baada ya jingine kwenye mzani, akaandika.

"Tuliambiwa mtakuja," alisema. "Vizuri. Wengi siku hizi wanamwaga tu mtaroni."

"Wajinga," alisema Daktari kwa moyo mkunjufu. "Sasa, kilo mnafanyaje bei?"

Karani akamwonyesha karatasi ukutani. Daktari aliisoma. Ilikuwa na bei, safi kabisa, kwa kilo. Juu ya bei paliandikwa: ADA YA KUTUPA TAKA ZA VIFAA VYA UMEME.

Aliisoma tena kutoka chini kwenda juu, labda itabadilika.

"Samahani, dada yangu. Hapa nani anamlipa nani?"

"Wewe unatulipa sisi."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu gani?"

Daktari alieleza habari za ncha. Karani alimsikiliza kwa subira ya mtu anayelipwa kwa saa, akachukua hedfoni moja, akakwaruza ncha yake kwa kucha. Ile njano ikatoka kama rangi ya kopo.

"Basi nazirudisha nyumbani," alisema Daktari kwa sauti nyembamba.

"Kwa gari gani?"

Daktari aligeuka. Vumbi la gari lilikuwa limeshatulia.

"Na ukiziacha nje ya lango ni faini," aliongeza karani, si kwa ubaya, akavuta fomu. "Jina? ... Haya. Kazi?"

Mazoea ni kitu kibaya. "Daktari," alisema.

Karani alimtazama lile koti jeupe, akairudisha fomu mahali pake, akatoa nyingine ya kijani. "Ungesema mapema. Taka za hospitali zina bei yake. Mara mbili."

Daktari alifungua mdomo aeleze kwamba yeye si daktari, hajawahi kuwa daktari, na hata damu akiiona anaanguka. Lakini nyuma yake walishapanga foleni watu wanne, wote wanamtazama kwa heshima, na mmoja alikuwa ameanza kumweleza habari za mgongo wake. Akatoa pesa ya kurudia nyumbani. Akatoa na ya chakula. Karani akazihesabu, akampa risiti.

Daktari aliikunja ile risiti mara nyingi sana, mpaka ikakataa kukunjika. Kisha akasafisha koo.

"Angalau nipeni hayo magunia," alisema.

"Magunia nayo tumeshayapima," alisema karani. "Anayefuata!"